Moto wa Waparsi na Ujirani wa Mkuu

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Mkuu, Rombo, mkoani Kilimanjaro)

 

Mmoja wa walioandaa mkutano huu aliniuliza kwa nini nimechagua Wazoroasta. Alisema: Mwalimu, hapa Mkuu tuna Wakatoliki, tuna Walutheri, tuna Waislamu, tuna walokole. Hao ndio tunaopanda nao gari moja na kuzikana nao. Hawa watu wa moto wametokea wapi? Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Mkatoliki wa Rombo na Mwislamu wa Zanzibar hawahitaji mtu wa kuwatetea nyumbani kwao. Wako wengi, na wingi wao unawalinda. Anayetaka kujua kama watu wa imani mbalimbali wanaishi vizuri pamoja, amtazame yule aliye peke yake mtaani. Anazika wapi? Kwenye harusi ya jirani anakula nini? Siku yake kuu ikifika, nani anaikumbuka? Katika Afrika Mashariki sijui mfano ulio wazi kuliko wa Waparsi wa Zanzibar, watu ambao hata walipokuwa wamestawi hawakuzidi mia chache.

Waparsi ni wafuasi wa Zarathushtra, nabii ambaye Wagiriki walimwita Zoroaster. Aliishi upande wa mashariki wa Uajemi na Asia ya Kati, na wataalamu wengi wanaamini ilikuwa miaka 1000 au zaidi kabla ya Kristo. Nyimbo zake za ibada, ziitwazo Gatha, ziko 17, nazo zimo ndani ya kitabu chao kitakatifu, Avesta. Kwa karne nyingi dini hiyo ilikuwa dini ya wafalme wa Uajemi, mpaka majeshi ya Waarabu yalipouangusha utawala wa Wasasani katika karne ya 7. Baada ya hapo wafuasi walipungua mwaka hadi mwaka. Wengine walibaki kwao, hasa katika miji ya Yazd na Kerman, ambako wapo hata leo. Wengine walivuka bahari mpaka Gujarat, magharibi ya India, na huko wakaitwa Waparsi, yaani watu wa Uajemi.

Kuna masimulizi ya safari hiyo yaliyoandikwa na kuhani mmoja wa Kiparsi karibu mwaka 1600, yajulikanayo kama Kisa cha Sanjan. Yanasema wageni walipofika, mfalme wa Kihindu wa mahali pale aliwapa masharti. Wamweleze dini yao. Waache lugha yao na kusema lugha ya wenyeji. Wanawake wao wavae kama wanawake wa pale. Silaha waziweke chini. Harusi zao wazifanye jioni. Yalitokea hivyohivyo au hayakutokea, masimulizi hayo yanaonyesha jinsi Waparsi wenyewe walivyouelewa ugeni: walikubali kubadili karibu kila kitu cha nje ili waachiwe kitu kimoja cha ndani. Mpaka leo lugha ya nyumbani ya Waparsi wengi ni Kigujarati, na mama zao huvaa sari.

Basi waliachiwa nini? Nitakieleza taratibu, kwa sababu hapa ndipo uvumi ulipo mwingi.

Wazoroasta wanamwamini Mungu mmoja muumba, Ahura Mazda, yaani Bwana mwenye Hekima. Wanaamini kwamba ulimwengu alioumba ni mwema, na kwamba uovu una chanzo chake kingine, roho ya uharibifu iitwayo Angra Mainyu. Kila mtu anazaliwa katikati ya mapambano hayo na lazima achague upande. Uchaguzi hauishii hekaluni. Unafanywa kwa fikra njema, neno jema na tendo jema, na mambo hayo matatu mtoto wa Kiparsi anayajua kabla hajajua kusoma. Mtu akifa, roho yake hukaa karibu na mwili siku tatu, na alfajiri ya siku ya nne hufika kwenye daraja liitwalo Chinvat. Aliyetenda mema hulikuta pana. Aliyetenda mabaya hulikuta jembamba kama makali ya upanga, akaanguka. Naona masheikh wanatabasamu, maana nao wana Sirati. Mwishoni mwa nyakati atakuja mwokozi, wafu watafufuliwa, uovu utakwisha. Na hapo mapadre na wachungaji nao wanaweza kutabasamu.

Kwa hiyo watu hawa si wageni kwetu kama tunavyodhani. Watoto wetu wa Rombo hucheza mchezo wa Noeli kila mwaka, na mamajusi watatu huvikwa taji za karatasi. Majusi walikuwa makuhani wa Uajemi, na Injili ya Mathayo, sura ya 2, inawaleta kutoka mashariki mpaka Bethlehemu kabla hata viongozi wa dini wa Yerusalemu hawajasogea. Nabii Isaya, sura ya 45, anamwita Koreshi mfalme wa Uajemi masihi wa Bwana, mfalme aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao kujenga hekalu. Kwa upande wa Waislamu, Kurani yenyewe inawataja Majusi, Sura ya 22, aya ya 17, pamoja na Wayahudi, Wasabai na Wakristo, na inasema Mungu ndiye atakayewahukumu Siku ya Kiyama. Hadithi nazo zinaeleza kwamba Mtume aliwatoza Majusi wa Hajar kodi ya jizya, maana yake walibaki na dini yao chini ya ulinzi. Mtu akitoka kwenye vitabu hivyo viwili na kusema hajawahi kusikia habari za Wazoroasta, basi amesoma kwa haraka.

Sasa moto. Hili ndilo jambo ambalo Waparsi wamechoka kulieleza: hawauabudu moto. Wanasali mbele yake, kwa sababu moto ni nuru, na nuru ni alama ya Mungu na ya ukweli. Mkatoliki hana sababu ya kushangaa. Usiku wa Pasaka huwashwa moto mpya nje ya kanisa, mshumaa mkubwa huwashwa kwa moto huo, na watu huingia gizani wakiufuata. Karibu na tabernakulo kuna taa inayowaka mchana na usiku. Hakuna padre hata mmoja ambaye angekubali kuambiwa kwamba waumini wake wanaabudu nta na utambi.

Tofauti iko katika matunzo, na matunzo hayo yananigusa sana. Moto wa hekalu la Kiparsi hauzimwi. Unakaa katika chombo kikubwa cha metali, juu ya majivu, katika chumba ambacho makuhani peke yao ndio huingia. Siku imegawanywa katika vipindi vitano vya sala, na kila kipindi kinapoanza kuhani huja, huweka kuni kavu na vipande vya msandali, hupiga kengele na kusali. Mdomo na pua amevifunga kwa kitambaa cheupe ili pumzi na mate yake visiuguse moto. Kuna moto wa daraja tatu. Ule wa juu kabisa hutengenezwa kwa kuunganisha moto kutoka sehemu 16, za wafua chuma, za wafinyanzi, za waokaji na za wengineo, na mmoja lazima utokane na radi. Mahekalu ya daraja hilo yako 8 nchini India na moja mjini Yazd. Moto wa Udvada, katika Gujarat, umekuwa mahali hapo tangu 1742, na Waparsi wanaamini ndio uleule uliowekwa wakfu na wale waliotua Sanjan.

Zanzibar moto ulikuwa wa daraja la chini zaidi, lakini ulikuwepo. Waparsi walianza kufika visiwani katika karne ya 19 kutoka Bombay na Gujarat, na wengi walipitia Aden, ambako kampuni ya Cowasjee Dinshaw na nduguze ilikuwa na meli na ikafungua tawi Zanzibar. Walikuwa makarani, wahasibu, wahandisi, mawakili, madaktari, wafanyabiashara. Chini ya masultani Waislamu, katika mji ambao adhana ilisikika toka kila upande, na Wahindu, Wakatoliki na Waanglikana wana nyumba zao za ibada, Waparsi nao walijenga hekalu lao upande wa Vuga na wakawa na makaburi yao. Sultani hakuwadai waache lugha. Hakuna aliyewaambia harusi zao wazifanye saa ngapi.

Mzaliwa wao mmoja dunia nzima inamjua, ingawa wengi hawajui alikuwa nani kwa dini. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Mtoto alianza kusoma katika shule ya wamisionari iliyofundishwa na masista wa Kikristo, na nyumbani akalelewa Kizoroasta. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Uingereza, na kijana yule akaja kuitwa Freddie Mercury. Alipofariki London mwezi Novemba 1991, dunia nzima ilimlilia kama mwanamuziki, lakini sala za mazishi zilisomwa na makuhani wa Kizoroasta kwa lugha ya Avesta, kama zilivyosomwa kwa mababu zake.

Ninamtaja kwa sababu nataka mwone mtoto wa Kiparsi wa Zanzibar anavyoingizwa katika dini. Sherehe hiyo huitwa navjote, na hufanywa mtoto akiwa na umri wa miaka saba hivi na kuendelea, akiwa anaelewa anachosema. Mtoto anaoga kwanza. Kisha kuhani anamvika shati jeupe la pamba, sudreh, lenye kifuko kidogo sana kifuani, hata sarafu haitoshi kukaa vizuri. Humo, wanasema, mtu anajikusanyia matendo yake mema. Halafu anamfunga kiunoni uzi wa sufu ya kondoo, kusti, uliofumwa kwa nyuzi 72, idadi ya sura za kitabu chao cha ibada kuu. Unazungushwa mara tatu na kufungwa mafundo mbele na nyuma. Kuanzia siku hiyo mtoto anaufungua na kuufunga tena mwenyewe kila siku, akisali. Fikirini mtoto huyo yuko shuleni kwa masista, amezungukwa na watoto wa Kihindu, Kiislamu na Kikristo, na chini ya sare yake ana uzi ule. Hakuna anayeuona.

Hapo ndipo watu wengine huniuliza: mbona hawakuhubiri? Waparsi walio wengi hawapokei waongofu. Jambo hilo lilifikishwa hata Mahakama Kuu ya Bombay, na hukumu iliyotolewa mwanzoni mwa karne iliyopita iliukaza zaidi mlango: Mparsi ni aliyezaliwa na baba Mparsi. Binti akiolewa nje, kwa desturi ya wengi watoto wake hawahesabiwi. Mimi sikubaliani na kanuni hiyo, na Waparsi wengi wa leo wanaipinga kwa nguvu, hasa akina mama. Matokeo yake yanahesabika. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilikuta Waparsi 57,264 katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, na duniani kote Wazoroasta wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki mbili. Lakini kanuni hiyohiyo ilikuwa na upande mwingine katika ujirani. Jirani wa Mparsi hakuwa na hofu kwamba mtoto wake akienda kucheza kule atarudi na dini nyingine. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kwa sababu mlango wa hekalu ulikuwa umefungwa. Sijui dini nyingine yoyote iliyolipa gharama kubwa hivyo kwa amani ya mtaa wake.

Na tusiupake rangi ujirani ule. Zanzibar ya Waingereza ilikuwa na ngazi. Mzungu juu, Mwarabu na Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kila jamii na klabu yake. Mparsi mwenye kazi serikalini alikuwa na yaya na mpishi, na yaya yule alikuwa Mwafrika ambaye mtoto wake hakusoma kwa masista wale. Fikra njema, neno jema na tendo jema havikuivunja ngazi hiyo. Waparsi walipoondoka kwa wingi baada ya 1964, waliondoka kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Vilevile hasira iliyokuwepo mjini ilikuwa na sababu. Tukizungumza juu ya dini kuishi pamoja bila kugusa nani alikuwa anamtumikia nani, tutakuwa tumewasifu matajiri kwa upole wao tu.

Wapo Waparsi walioelewa hilo. Pheroze Nowrojee, wakili wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, alikuwa mjukuu wa dereva wa garimoshi aliyekuja kufanya kazi kwenye Reli ya Uganda, na kisa cha babu yake alikiandika katika kitabu. Yeye mwenyewe alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha miaka ya chama kimoja Kenya akasimama mahakamani kuwatetea watu waliokuwa wanakamatwa kwa kusema. Wateja wake walikuwa Waluo, Wakikuyu, Waislamu wa pwani, Wakristo wa kila kanisa. Hakukuwa na Waparsi wa kutosha Kenya kumpigia hata kura ya udiwani. Alifanya kazi ile kwa ajili ya wengine.

Nirudi Zanzibar, kusini ya Unguja, kwa sababu kuna jambo la Uajemi wa kale ambalo limekaa kwetu muda mrefu kuliko Waparsi wenyewe. Kila Julai, Makunduchi, husherehekewa Mwaka Kogwa. Wanaume wa kaskazini na wa kusini ya mji hukutana uwanjani wakiwa na makuti na vigogo vya migomba, wakapigana kweli, wakitoa yaliyowakaa moyoni mwaka mzima, na yakiisha yameisha. Wanawake huimba, wamevaa nguo zao bora. Kibanda cha makuti hujengwa, mtu huingia ndani, kikatiwa moto, naye akachomoka mbio. Kisha watu hula, na ni aibu nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Mtu asiye na mgeni huenda akamtafuta.

Sikukuu hiyo ni Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, uliolelewa kwa karne nyingi katika dini ya Zarathushtra. Imeletwa pwani yetu na watu wanaojiita Washirazi, na kwa muda wote tunaoujua wanaoiadhimisha ni Waislamu. Msikiti wa Kizimkazi, karibu na hapo, una maandishi ya mwaka 1107. Wavuvi na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wao wa jua kuanzia Nairuzi, miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake, jumla 365. Kalenda ya Waparsi ni hesabu hiyohiyo: miezi 12 ya siku 30, na siku tano za mwisho zenye majina yatokanayo na zile Gatha. Kwa kuwa hesabu zote mbili hazikuwa na siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, zilirudi nyuma siku moja kila miaka minne. Farrokh Bulsara alipozaliwa, mwaka mpya wa Waparsi walio wengi ulikuwa ukiangukia mwanzoni mwa Septemba. Leo unaangukia katikati ya Agosti. Waajemi wenyewe huuadhimisha mwezi Machi.

Ninapowaambia wanafunzi jambo hili, Mwislamu mmoja huwa anauliza: basi Makunduchi wanafanya ukafiri? Wapo masheikh wanaosema hivyo, na ni haki yao kusema. Mimi naona watu waliopokea kitu kutoka kwa imani nyingine, wakakiosha baharini, wakakipa kazi ya kumaliza ugomvi, na hawakuhitaji kubadili dini. Sisi Wachagga tumefanya vivyo hivyo. Jani la sale hupelekwa kuomba msamaha, na anayelipeleka asubuhi ametoka Misa.

Hapa pia niwaombe radhi wazee kwa kugusa habari ya wafu. Wazoroasta wanaona ardhi, maji na moto kuwa safi, na maiti kuwa najisi. Ndiyo maana kwa desturi ya kale hawaziki wala hawachomi. Huiweka maiti juu ya mnara wa mawe ulio wazi, jua na ndege wakamaliza. Mtu akisikia hivyo anashtuka. Lakini mababu zetu hapa mlimani walizika mwenye watoto ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na baada ya muda fuvu likafukuliwa na kuwekwa penye masale, upande uliochaguliwa kwa makini. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi Old Moshi, aliyaandika hayo kwa kirefu. Mzee wa zamani wa Rombo angekaa na kuhani wa Kiparsi jioni nzima wakiulizana maswali, na nina hakika yule mzee angeelewa haraka kuliko sisi tunaozika kwa saruji na marumaru.

Afrika Mashariki hakukuwa na minara. Waparsi wa Zanzibar walikubali kuzika, katika makaburi yao wenyewe, kwa sala zao. Kwa hiyo haja yao kwa majirani ilikuwa ndogo na kubwa kwa wakati mmoja: kipande cha ardhi kisichochanganywa, na mtu wa kukilinda.

Na moto ukibaki bila watu? Zanzibar hekalu limebaki gofu, waumini wakiwa wametawanyika. Aden ilikuwa vingine, na kisa chake napenda kila kijana akijue. Hekalu la Aden lilijengwa na Cowasjee Dinshaw mwaka 1883. Waingereza walipoondoka mwaka 1967, na Waparsi nao wakaondoka, moto ulibaki ukitunzwa na wachache kabisa katika nchi iliyokuwa sasa chini ya serikali ya Kikomunisti. Mazungumzo yalichukua miaka. Mwishowe serikali ile iliridhia, serikali ya India ikasaidia, na mwezi Novemba 1976 moto ukapakiwa katika ndege ya Air India, aina ya Boeing 707. Sheria yao inataka moto usizimike na usihudumiwe na asiye wa dini hiyo. Kwa hiyo marubani na wahudumu wote walikuwa Wazoroasta, na moto ulisafiri ukiwaka ndani ya ndege mpaka Bombay, kisha ukapelekwa Lonavala, ambako uko hadi leo. Mtu wa usalama wa anga wa siku hizi angezimia akisikia. Walioruhusu wakati ule hawakuiamini dini hiyo. Waliona tu kwamba kwa jirani yao kitu hiki ni kikubwa, wakatafuta utaratibu.

Utaratibu ndio neno ninalotaka kulibeba mpaka hapa Mkuu, maana upendo tunao. Hapa Rombo Mkristo akioza binti humwita Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Desemba, watoto wetu wanaporudi kutoka Dar na Arusha na Nairobi, nyumba za wajomba na mashangazi zinachanganya rozari na tasbihi na Biblia za kilokole, na pombe ya mbege haimbagui mtu, ingawa asiyekunywa anapewa soda kwa heshima. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na tangu sensa ya 1967 serikali haijatuuliza dini zetu. Nchi haituhesabu kwa dini. Lakini kijijini tunahesabiana.

Tunahesabiana hasa msibani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na mlima ukagawanyika kwa makanisa. Sehemu yetu ikawa ya Wakatoliki kwa wingi. Kwa hiyo msiba wetu umejengwa kwa mfumo wa jumuiya ndogondogo: mwenyekiti wa jumuiya anapewa taarifa, anawaita watu, anapanga zamu ya kuni, maji na chakula, kanisa linapanga siku. Ni mfumo mzuri mno. Umewabeba wajane wengi. Lakini mwanamke aliyeolewa hapa kutoka Kondoa, Mwislamu, akifiwa na mumewe, mwenyekiti wake ni nani? Familia iliyohamia hapa kikazi, ya Wasabato, siku yao ya ibada ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku tunayozika zaidi. Kijana aliyeacha kanisa na kusali kwingine, akifiwa na mama, watu wanajiuliza kama waende au wasiende, na wakati wanajiuliza kaburi linachimbwa na watu wanne.

Nimesoma katiba kadhaa za vikundi vya kufa na kuzikana katika tarafa hii, na nawashukuru makatibu walioniazima. Nyingi ni za haki. Lakini nimekuta kifungu kinachomtoza faini mwanachama asiyehudhuria ibada ya mazishi kanisani. Nimekuta kingine kinachosema rambirambi zitolewe baada ya kamati kukutana, ndani ya siku tatu. Siku tatu zinamtosha anayesubiri ndugu kutoka Dar na mwili uko mochwari. Mwislamu anazika leo. Fedha zinamfikia sanda ikishanunuliwa kwa mkopo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na wenyeviti mko hapa. Fedha za msiba ziweze kutoka siku ileile kwa saini za watu wawili, kamati ije kuthibitisha baadaye. Na faini iwe ya kutofika kwenye msiba, kaburini au nyumbani, wala isiwe ya kutoingia kwenye nyumba ya ibada ya mtu mwingine. Kwenye kikao chenu kijacho, katiba isomwe kwa sauti kifungu kwa kifungu, na mwaliko wa kikao hicho upelekwe kwanza kwa zile nyumba mbili au tatu za kijiji ambazo si za kanisa lenu.